Simbi Nyaima: Ziwa, Kikongwe na Mizuka Isiyo na Kesi

Simbi Nyaima, jina ambalo kwa Kiluo hueleweka kuwa ni Simbi iliyozama, ni ziwa dogo la mviringo lililoko Karachuonyo katika kaunti ya Homa Bay, mwendo mfupi kutoka mji wa Kendu Bay na karibu mno na Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria ulioingia nchi kavu upande wa mashariki. Ukubwa wake ni takriban hekta 29 na kina chake kinafika kama mita 23, na ingawa Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, liko jirani yake, maji ya mawili haya hayafanani kwa lolote: ya Lolwe ni matamu na yamejaa samaki, ilhali ya Simbi ni ya magadi, yana rangi ya kijani kibichi, hayana mto unaoyatoa, na samaki hawaishi humo. Mwaka 2000 serikali ya Kenya ilitangaza ziwa hili na ukingo wake kuwa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hasa kwa ajili ya ndege aina ya heroe wanaokuja kulisha humo. Lakini kabla ya heroe kulipatia ziwa ulinzi wa sheria, lilikuwa na ulinzi wa namna nyingine, uliotokana na imani kwamba chini ya maji yake kuna kijiji kizima pamoja na watu wake.

Kisakale chenyewe, yaani simulizi ya kale inayofungamana na mahali panapojulikana na ambayo wasimulizi huishika kuwa ni tukio la kweli, husimuliwa kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja. Usiku mmoja wa mvua na baridi kikongwe mmoja, mgeni asiyejulikana ametoka wapi wala anakwenda wapi, aliingia katika boma ambamo watu walikuwa wakila na kunywa pombe ya nafaka, wameuzunguka mtungi huku kila mmoja akinyonya kwa oseke, yaani mrija mrefu ambao wazee wa Kiluo waliutumia kunywea kwa pamoja bila kuondoka vitini. Kikongwe aliomba aote moto na apewe chochote cha kutia tumboni, naye akafukuzwa kwa kejeli, wengine wakisema amewaharibia sherehe. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemchukua nyumbani kwake, akamkokea moto na kumlisha, na kikongwe alipokwisha kupata joto alimwambia mwenyeji wake akusanye watu wake waondoke mahali pale usiku uleule. Mwanamke alikwenda kumwita mume aliyekuwa kwenye mtungi, na hapo ndipo masimulizi yanapoachana njia, kwa kuwa wasimulizi hawakubaliani kuhusu nani hasa aliyesalimika pamoja naye. Wanalokubaliana ni kwamba mvua ilishuka kwa wingi usio wa kawaida, ardhi ikajaa maji na kudidimia, na kulipokucha palikuwa na ziwa pale palipokuwa na boma.

Kwa wenyeji kisa hakikuishia asubuhi ile. Husemwa kwamba kijiji kingali hai chini ya maji, na kwamba mtu apitaye ukingoni katika saa za usiku mkuu au karibu na alfajiri aweza kusikia jogoo wakiwika, ng'ombe wakilia na sauti za watu walio katika ngoma, sherehe ileile iliyokatizwa ikiwa haijakoma. Msomaji wa pwani, aliyezoea kugawa viumbe wasioonekana katika majini, pepo na mizimu, atataka kujua wanaosikika Simbi ni wa kundi gani, na swali hilo linastahili jibu refu kidogo, kwa sababu ndani ya fikra za Waluo jibu lake ndilo linalofungua maana ya kisa chote.

Waluo hawakuwa na neno moja la kuwatia humo wafu wote. Kulikuwa na juogi, nguvu za kiroho ambazo miongoni mwake huhesabiwa roho za wahenga, ambazo zaweza kumjia mama mzazi ndotoni na kudai kwamba mtoto apewe jina la babu au bibi fulani, na jina la namna hiyo huitwa nying juogi. Hawa ni wafu wa ukoo wanaoendelea kuhesabiwa katika ukoo. Mbali na hao alikuwapo jachien, ambaye wingi wake ni jochiende, yaani mzuka wa mtu aliyekufa akiwa na dai lisilolipwa: mzazi aliyetelekezwa na watoto wake, mke aliyedhulumiwa, ndugu aliyenyimwa haki yake. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyefika Nyanza mwaka 1936, alichapisha mwaka 1950 makala mahsusi juu ya kisasi cha wafu miongoni mwa Waluo, na jambo linalojitokeza wazi katika elimu hiyo ni kwamba mzuka wa Kiluo hamjii mtu yeyote ovyo. Humwandama aliyemkosea au kizazi chake, huleta maradhi au vifo ili dai lisikilizwe, na tiba yake ya kwanza ni kutambua kosa na kulifidia. Jachien, kwa ufupi, anafanana zaidi na mdai aliyefika barazani kuliko na zimwi la porini.

Kipimo hicho kikiwekwa juu ya kijiji kilichozama, jambo la ajabu hujitokeza. Waliozama Simbi hawakudhulumiwa na mtu; wao ndio waliodhulumu, na kwa sheria ya chien, yaani kisasi cha aliyekufa na kinyongo, hawana dai lolote juu ya walio hai. Ndiyo maana katika kisakale hiki wafu hawamfukuzi mtu, hawaleti ugonjwa, hawaombi kafara wala hawatoki majini kumdhuru mpita njia, wanasikika tu. Ni mizuka isiyo na kesi. Mwenye kesi alikuwa kikongwe, naye alipata hukumu yake akiwa hai, kabla dai lake halijaiva likawa chien, na kwa hiyo kisa cha Simbi chaweza kusomwa kama simulizi ya mzuka uliozuiwa usizaliwe kwa gharama ya kijiji kizima. Hadithi za mizimu za mataifa mengi huwapa wafu uwezo wa kutisha; hii huwapa waliozama adhabu ya kuendelea na karamu yao milele bila mtu wa kuwajibu.

Swali linalofuata ni nani aliyekuwa akiisimulia. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao juu ya Siaya kilichotoka mwaka 1989, waliandika kwa kirefu kuhusu pim, bibi mzee aliyekabidhiwa malezi ya watoto wa boma na aliyelala pamoja nao katika nyumba iitwayo siwindhe, ambamo wasichana, na wavulana wakiwa bado wadogo, walijifunza nasaba, mafumbo, adabu za ndoa na visa vya kale. Siaya iko upande wa kaskazini wa ghuba, lakini siwindhe ilijulikana na Waluo wa pande zote mbili. Jambo ambalo wanahistoria hao walilitilia mkazo, na ambalo wasomaji wengi wa visakale vya Nyanza hulipita bila kulitazama, ni kwamba pim mara nyingi hakuwa wa damu ya wenye boma. Alikuwa mwanamke aliyekwisha kuzeeka, aliyetoka mbali, asiye na mume wa kumlinda wala shamba la kumlisha, naye alipata moto, chakula na heshima kwa hisani ya watu ambao hawakuwa wake, akilipa kwa maarifa.

Basi kisa cha kikongwe mgeni aliyefukuzwa motoni kilikuwa kikisimuliwa gizani, kando ya moto, na kikongwe mgeni. Hakuna haja ya kudhani kwamba kila pim alikitunga upya ili kujitetea. Inatosha kuona kwamba watoto waliomsikiliza walikuwa ndio wenye boma wa kesho, wale ambao miaka ishirini baadaye wangeamua kama bibi wa namna ile apewe kiti au afukuzwe, na kwamba msimulizi alikuwa na kila sababu ya kuhakikisha mvua ya usiku ule inasikika vizuri masikioni mwao. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na methali hiyo husemwa kwa bashasha mlangoni. Simbi ni methali hiyohiyo iliyogeuzwa upande wa pili, ambapo mgeni amekuja na mwenyeji hakupona.

Dhana hii hupata nguvu zaidi kikiletwa kisakale cha pili cha kaunti ileile. Huko Nyandiwa, katika pwani ya Gwassi upande wa Suba, panasimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini ambaye siku moja nyavu zake zilileta, badala ya samaki, mwanamke mzee mwenye kilema. Nyamgondho alimchukua nyumbani, na tangu siku hiyo ng'ombe wakajaa zizini mwake, akaoa wake wengi na kuwa mtu wa kutajwa. Utajiri ulimlevya kama pombe, na pombe nayo ikamlevya. Usiku mmoja alirudi amelewa, akamtukana yule bibi na kumkumbusha kwamba aliokotwa majini. Bibi aliondoka akarudi ziwani bila kugombana, na mali yote iliyokuja naye ikamfuata, ng'ombe, mbuzi na kuku, wakatumbukia mmoja baada ya mwingine, huku Nyamgondho akisimama ufukweni ameegemea fimbo yake hadi akageuka mti. Wenyeji huonyesha alama juu ya miamba ya pale ambazo husemwa kuwa ni kwato za mifugo ile. Vipande vya visa hivi viwili ni vilevile: bibi mzee, mgeni asiye na ukoo, pombe, tusi, na maji yanayochukua kila kitu. Tofauti ni kwamba Simbi kosa ni la kijiji na Nyandiwa ni la mtu mmoja, na adhabu imepimwa kulingana na hilo.

Kwa nini lakini kijiji kilichopotea kisadikiwe kwa urahisi namna hiyo? Sehemu ya jibu iko ardhini. Nyanza Kusini, wilaya ya zamani iliyozaa kaunti za sasa za Homa Bay na Migori, imejaa mahame, na Waluo wana neno gunda kwa boma lililohamwa, ambalo huheshimiwa na kuogopwa kidogo kwa kuwa lina makaburi na kumbukumbu za waliokaa humo. Mfano mkubwa kuliko yote ni Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, ambapo kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, nyingine zikiwa na kimo cha zaidi ya mita 4, zilianza kujengwa yapata karne ya 16 ili kulinda watu na mifugo, zikakaliwa na jamii moja baada ya nyingine, na hatimaye zikaachwa. Thimlich ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, lakini si pekee yake: wanaakiolojia wamehesabu maboma ya mawe 521 katika maeneo 139 ya ukanda huo. Mtoto aliyekulia kati ya malango ya mawe yasiyoingiza mtu na vibanda ambavyo vimebaki misingi tu hakuhitaji kuambiwa kwamba kijiji chaweza kuwa na umbo bila kuwa na watu. Simbi ni gunda lililofunikwa maji.

Ukoloni ulipoingia, ziwa kubwa la jirani nalo lilipata kazi nyingine. Mwaka 1913 huko Alego mtu aitwaye Onyango Dunde alidai kwamba nyoka mkubwa wa Nam Lolwe, Mumbo, alimmeza kisha akamtema na kumpa ujumbe kwamba dini ya Wazungu ilikuwa imeoza na kwamba Wazungu wenyewe wangetoweka. Imani hiyo ilishika mizizi hasa kusini mwa ghuba, kwa Waluo na kwa Wagusii, na serikali iliitilia maanani kiasi cha kuwakamata viongozi wake na kuwahamishia Lamu. Kwa ajili ya somo hili inatosha kusema kwamba sauti kutoka majini haikuwa ngeni kwa watu wa Nyanza, na kwamba ilipohitajika kusema siasa ilisema.

Kendu Bay yenyewe ilikuwa imeshapata jirani mpya. Mwaka 1906 wamishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada na kufuatana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland ambayo leo ni Malawi, walijenga kituo juu ya kilima cha Gendia, na baada ya miaka michache kituo kikawa na shule na mtambo wa kuchapa vitabu. Mafundisho ya Gendia yalikataa pombe na yalikataa kwamba wafu wanasikia, wanasema au wanarudi, kwa kuwa Waadventista huamini kwamba aliyekufa amelala bila fahamu hadi siku ya ufufuo. Na kanisa la namna hiyo halingeweza kukiacha kijiji cha wafu wanaopiga ngoma kikae jirani bila maelezo. Maelezo yalikuwa tayari katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 19, ambamo wageni wawili wanaingia Sodoma, mtu mmoja anawapokea, wenye mji wanawatendea ufidhuli, na aliyewapokea anaambiwa atoke na watu wake kabla hakujakucha. Mtu aliyekulia na kisa cha Simbi na kuusoma ukurasa huo hakuwa na safari ndefu ya kwenda kutoka kimoja hadi kingine. Katika mlinganisho huo kikongwe hugeuka malaika, pombe hupanda kutoka mapambo ya kisa hadi kuwa kosa lenyewe, na sauti za usiku hazina nafasi tena.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuwatia wamishonari peke yao katika hesabu hii bila kumtaja Paul Mboya, mwana wa Karachuonyo aliyelelewa katika kanisa hilohilo, akawa mchungaji na baadaye chifu, ambaye mwaka 1938 alitoa kwa Kiluo kitabu cha mila na desturi kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi. Kituo kilichowafundisha vijana kuziacha desturi ndicho pia kilichowapa kalamu ya kuziandika.

Wanajiolojia hueleza asili ya Simbi kwa njia fupi zaidi. Ni ziwa la kasoko, yaani shimo la volkano, la aina inayotokea pale ambapo mawe yaliyoyeyuka yanapanda kutoka chini, yanakutana na maji yaliyomo ardhini, na mvuke unaozaliwa ghafla unalipua ardhi na kuacha bakuli la duara ambalo maji hulijaza; Mlima Homa ulio jirani nalo ni volkano ya kale, na chemchemi za maji moto zingali zinatoka chini yake. Baadhi ya waandishi wamevutiwa na wazo kwamba kisakale ni kumbukumbu ya mlipuko huo. Wazo hilo linapendeza lakini halina nguvu, kwa sababu kisa hakina moto, hakina moshi wala mawe ya kuruka. Kina mvua na moto mdogo wa kuota, na moto huo ndio alionyimwa bibi. Umbo la ziwa, duara lililokamilika kama boma la Kiluo linavyozungushiwa ua, linatosha kuzaa wazo la boma lililozama bila shahidi yeyote wa mlipuko.

Ushahidi wa nje unaelekea upande huohuo. Katika ziwa Chala, lililoko mpakani mwa Kenya na Tanzania karibu na Taveta, na ambalo pia ni la kasoko, Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1883 alikuta watu wakisimulia kwamba palikuwa na kijiji cha Wamaasai kilichoangamia, na kwamba sauti za mifugo zingali zikisikika. Mmarekani Stith Thompson, aliyeorodhesha vipengele vya hadithi za dunia katika miaka ya 1930, aliupa mji uliozama majini namba yake maalumu, F944, na mifano yake inatoka pande nyingi za dunia. Maziwa ya duara yasiyo na mto huwapa watu wa mbali wazo moja. Kilicho cha Nyanza peke yake ni mshtaki na namna ya kesi.

Maji ya Simbi yenyewe yamechangia heshima ambayo ziwa limepewa. Yamejipanga kwa matabaka, la juu likiwa na uhai mwingi na la chini halina oksijeni, na tabaka la chini huhifadhi gesi yenye harufu ya mayai viza. Rangi ya kijani hutokana na vijiumbe vya spirulina, ambavyo mtafiti John Melack alieleza ukuaji wao humo katika makala ya mwaka 1979, na vijiumbe hivyo ndivyo chakula cha heroe. Kwa mtu aliyekulia kando ya Lolwe, ambako maji humaanisha samaki na samaki humaanisha mboga ya jioni, ziwa lisilo na samaki hata mmoja lilikuwa ushahidi tosha kwamba kuna jambo.

Baada ya uhuru kisa kilihama tena. Mwaka 1968 Henry Owuor Anyumba, Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong walidai katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya mdomo, iwekwe katikati ya masomo, na kutokana na vuguvugu hilo fasihi simulizi iliingia madarasani hadi shule za sekondari. Grace Ogot, mwandishi aliyezaliwa Nyanza na aliyekuja kuwa mbunge na naibu waziri, alikitolea kisa hicho kitabu kwa Kiluo, Simbi Nyaima, mwaka 1983. Mwanafunzi wa leo anaweza kukisoma kisa bila kumsikia bibi yeyote, na siwindhe yenyewe ilikufa pole pole kadiri shule zilivyochukua kazi ya kulea.

Sasa kisa kiko mikononi mwa utalii, ambao una tabia ya kuchagua sehemu inayouzika haraka: sauti za usiku, ambazo katika kisa cha asili ni kiambatisho, husogezwa mbele, na bibi aliyeomba moto huachwa nyuma au kuitwa mchawi, jina ambalo simulizi yenyewe haimpi. Kosa hilo si dogo, kwa kuwa kumwita mchawi ni kuwarudishia waliozama hoja yao. Nchini Kenya wanawake wazee wangali wakishambuliwa, na hata kuuawa, kwa jina hilohilo, na hifadhi ya taifa haipaswi kulichangia hata kwa neno moja la kuwafurahisha wageni. Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti ya Homa Bay zingefanya vyema kuwarekodi wanawake wazee wa Karachuonyo na Gwassi kwa Kiluo chao, sura zote za kisa pamoja na kutokubaliana kwake, na kuanza na hao kabla ya kuandika kibao kingine chochote ukingoni mwa Simbi.